Mama ameacha dawa za tansio, anasema sala zitamwongezea miaka

Jambo Mama mshauri,

Niko mwanamke wa miaka 36, nina watoto watatu, nauza vitenge kwenye soko la Kadutu hapa Bukavu. Naishi na mama yangu mzazi tangu papa, baba yetu, alipofariki. Mama ana miaka 64. Tansio, yaani shinikizo la damu, waliigundua siku alipopatwa na kizunguzungu ibadani, wakampeleka kituo cha afya, wakakuta iko juu sana. Wakampa vidonge vya aina mbili, kimojawapo ni kile cha kukojoza, wakamwambia ni dawa za maisha. Alikuwa anameza vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia kila mwisho wa mwezi.

Tangu vita viingie mjini Februari 2025, soko limelala. Usiku mama alikuwa hapati usingizi, anasikia risasi hata pale ambapo hakuna risasi. Akaanza kwenda kwenye chumba cha maombi kilicho jirani na nyumba yetu. Sikuona ubaya wowote. Alikuwa anarudi anaimba, analala, anakula. Nilimshukuru Mungu.

Shida ilianza kwenye semina moja. Mtumishi anayeongoza pale alihubiri kwamba hata wataalamu wa Marekani wamehakikisha: mtu wa sala anaishi miaka 7 zaidi ya asiyesali. Akauliza, basi aliye na Mungu anatafuta nini famasi? Mama alirudi nyumbani, akatia vidonge vyake vyote kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili, akausukuma chini ya kitanda. Niliukuta nikifagia. Ni vidonge vya mwezi mzima, nilivichukua kwa deni. Sasa anafunga kavu, hata maji hanywi, siku tatu mfululizo, na mikesha ya Jumatano na Ijumaa haikosi. Kichwa kinamuuma, anasema ni shetani anayetoka.

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, ni shemasi kwenye kanisa letu. Nilidhani atanisaidia. Akasema nimwache mama, mwenye shida ni mimi niliyejaa mashaka. Tuligombana mbele ya watoto, mama akalia, na tangu siku ile hataki kusema nami juu ya ugonjwa wake.

Mama mshauri, mimi pia ninasali, sitaki kushindana na Mungu. Lakini papa yetu alikuwa mtu wa sala kutushinda sote, saa kumi za usiku yuko magotini, na alikufa akiwa na miaka 52. Niambie ukweli: sala zinaongeza miaka au haziongezi? Na mama nimwambie nini?

Binti wa Kadutu

*

Binti yangu,

Nianze na lile lisiloweza kungoja. Mama apimwe tansio leo. Usimwambie habari ya kumeza dawa, mwombe akupe mkono wake tu. Kupimwa hakumfungi kwa lolote. Ikikutwa imefika 180 juu au 120 chini, na kichwa kinamuuma, au kifua, au macho yanaona ukungu, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na ukiona mdomo umepinda upande mmoja, mkono umekosa nguvu, au maneno hayatoki sawasawa, usingoje mkesha uishe. Vile vidonge vya chini ya kitanda usimpe kwa mkupuo ili kufidia siku alizoruka. Mtu aliyefunga kavu siku tatu amekauka, na kidonge cha kukojoza kinamkausha zaidi. Muuguzi au daktari ndiye aseme aanze tena vipi, na kwa kiasi gani.

Sasa swali lako. Huyo mtumishi hakuitunga ile miaka 7. Mwaka 1999 Robert Hummer na wenzake walichapisha hesabu za Wamarekani zaidi ya 21,000 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Ukianzia umri wa miaka 20, waliokuwa wakienda ibadani zaidi ya mara moja kwa juma walitarajiwa kuishi miaka kama 7 zaidi ya wale wasiokwenda kabisa. Mwaka 2016 zikatoka hesabu nyingine za wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani: wale wa ibada zaidi ya mara moja kwa juma, hatari yao ya kufa ndani ya miaka 16 ilikuwa pungufu kwa asilimia 33. Kwa hiyo ukienda kwa mama ukaanza na "huyo anadanganya", utakuwa umekosea na utakuwa umeshindwa. Mwambie ni kweli.

Kisha mwambie na lile ambalo halikuhubiriwa. Waliohesabiwa ni watu wanaokwenda kusanyikoni. Hakuna aliyewahesabia mikesha wala siku za kufunga kavu, na hakuna aliyewaambia waache dawa zao. Tena wale 74,000 walikuwa wauguzi! Ni wanawake waliotumia maisha yao kugawa vidonge na kupima tansio za watu, na Jumapili wakavaa vizuri wakaenda kanisani. Mmoja wao angeshangaa kusikia jina lake limetumika Bukavu kumtoa mgonjwa kwenye dawa.

Watafiti hao waliuliza pia hiyo miaka inapitia wapi. Waliona wanaokwenda ibadani wanavuta sigara kidogo, wanazama kidogo katika huzuni nzito, wana tumaini zaidi. Lakini lililobeba sehemu kubwa kuliko mengine, karibu robo ya tofauti yote, ni kuwa na watu. Wewe unalijua hili kuliko mtafiti yeyote wa Marekani. Mama wa shirika la kanisani akikosa Jumapili mbili, wenzake wanapanda mlima hadi mlangoni kwake, mmoja amebeba sukari, mwingine makala ya kupikia. Wanaketi. Mmoja anatazama miguu yake na kusema, mama, hii miguu imevimba, tangu lini? Anayesema hivyo ameona mapema kuliko daktari, kwa kuwa daktari hapandi mlima ule. Kijana aliyekuwa analala njiani kwa pombe za kasiksi na kanyanga akiokoka, ini lake linapumzika, na pesa zake zinafika nyumbani. Mjane mwenye mazoezi ya kwaya Alhamisi ana sababu ya kutoka kitandani Alhamisi. Mimi ninaamini Mungu anafanya kazi humo ndani. Kama mama anaamini hivyo pia, hana haja ya kuchagua.

Kuna Wakristo waliopata sifa duniani kote kwa kuishi muda mrefu: Waadventista wa California. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba wanaume wao waliwapita wanaume wengine wa jimbo hilo kwa miaka 7 na kidogo, na wanawake kwa miaka 4 na kidogo. Hawavuti, hawalewi, wengi hawali nyama au wanaila kidogo, Sabato wanapumzika kweli. Na pale Loma Linda, mji wao unaotajwa sana kwa jambo hili, kanisa lao lina chuo kikuu kinachofundisha madaktari, na hospitali kubwa. Hao wanaosifiwa kwa kuishi miaka mingi, imani yao yenyewe ndiyo iliyowajengea hospitali. Mweleze mama hivyo hivyo, taratibu.

Lipo na jaribio jingine ambalo wahubiri hawalitaji. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo. Baadhi waliombewa na vikundi vya sala bila kuwa na hakika, wengine hawakuombewa, wengine waliambiwa wazi kwamba wanaombewa. Makundi mawili ya kwanza hayakutofautiana, wenye matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 na 51. Wale waliojua hakika wanaombewa walifika 59. Sioni hapo ushahidi kwamba Mungu hasikii. Mungu hapimwi kwa mizani ya hospitali. Lakini anayesimama mimbarani na kuahidi miaka kana kwamba ni mkataba uliosainiwa, hesabu hazimwungi mkono.

Tuitazame na nchi yetu. Makanisa yetu yamejaa, kila kona ina chumba cha maombi, na wastani wa maisha ya Mkongomani ni miaka 60 na kidogo. Wasweden na Wajapani, ambao wengi wao hawaendi ibadani, wanapita 80. Ndani ya mji mmoja, mwenye kusanyiko anaweza kumpita jirani yake asiye nalo. Kati ya nchi na nchi, kinachoamua ni maji safi, chanjo, mkunga, dawa famasini, na bunduki kunyamaza.

Hapo ndipo nataka tuzungumze juu ya papa yako, kwa sababu naona ndiye jeraha lililo chini ya barua yako yote. Wastani wa watu elfu nyingi hausemi neno lolote juu ya mtu mmoja. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyepaza sauti kwa ajili ya mji huu, aliuawa hapa hapa Bukavu mwezi wa 10 mwaka 1996. Nani atathubutu kusema sala yake ilikuwa pungufu? Fundisho linalosema aliye na imani haugui, akiugua hafi, linaonekana zuri mpaka siku ya msiba. Siku hiyo linamgeukia marehemu na kumfanya mkosaji wa kifo chake mwenyewe, na watoto wake wanabaki miaka na miaka wakijiuliza papa alikosa nini. Papa yako hakukosa kitu. Kuamka saa kumi za usiku kumwomba Mungu awalinde watoto wake ilikuwa kazi njema, na aliyelindwa ndiye anayeniandikia leo.

Kuhusu kusema na mama. Usiende na takwimu hizi mkononi kama wakili. Nenda na Hezekia. Isaya sura ya 38: mfalme anaugua karibu na kufa, anageukia ukuta, analia na kuomba, na Mungu anamwongezea miaka 15. Chumba cha maombi wanalipenda andiko hilo, lakini wengi wanaishia mstari wa 20. Mstari wa 21, nabii Isaya anaagiza watwae tini, waziweke juu ya jipu ili apone. Miaka 15 ilikwisha kuahidiwa na Mungu mwenyewe, na bado dawa ikaletwa kitandani. Isomeni pamoja hadi mwisho wa sura, na umwache aseme yeye.

Na unao mfano mwingine hapo hapo mjini. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu. Ameeleza mara nyingi jinsi alivyoandamana na baba yake, akiwa mtoto, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini yeye anaomba tu na hatoi dawa. Baba akamweleza kwamba dawa ni kazi ya waliosomea. Ndipo yule mtoto akaamua kusomea udaktari, ili baba aombe na yeye atibu. Hospitali ya Panzi iliyozaliwa mwaka 1999 kutokana na uamuzi huo ni ya kanisa la Kipentekoste, na wala siyo ya watu wenye imani haba.

Yaya wako usimpiganie tena mbele ya watoto. Mwombe radhi kwa zile kelele tu, siyo kwa kumtetea mama, kisha mpe kazi. Yeye ni mkubwa, ni shemasi, na neno la mtoto wa kiume shemasi mama atalisikia kuliko langu na lako. Kazi yenyewe: asome Isaya 38 na mama, na awe yeye wa kumpeleka kupimwa. Mtu akisha kuona kwa macho yake namba kwenye mashine, ubishi mwingi unaisha. Tansio haina sauti. Duniani karibu nusu ya wenye nayo hawajui kwamba wanayo, na huenda hata yaya naye apimwe siku hiyo hiyo, maana inafuata familia.

Kuna jambo hukuliandika lakini nimelisoma katikati ya mistari. Vidonge ulivichukua kwa deni, na mama anajua. Wazazi wengi wa kwetu wanaacha dawa kwa sababu wanaona mtoto anaumia. Hawezi kukwambia "mwanangu, nakugharimu sana", ni aibu. Ila kusema "Mungu ameniponya" kunamfungulia mlango wa kutoka kwa heshima. Sisemi mama hana imani. Nasema inawezekana imani na huruma vimeshikana mikono humo kwenye ule mfuko wenye mafundo mawili. Mkae wawili, bila yaya, umwambie wazi kwamba kumnunulia dawa ni furaha kwako, na kwamba akipooza, Mungu apishe mbali, gharama na uchungu vitakuwa mara nyingi zaidi. Mwulize daktari kama zipo dawa za bei nafuu zaidi, zipo aina nzuri za tansio zisizo za gharama kubwa na zinazomezwa mara moja tu kwa siku. Yaya achangie. Kama mna likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, dawa ya mama iwe na siku yake.

Kufunga pia tusikuingilie kwa nguvu. Mama kama anataka kumtolea Mungu, na atoe kile kinachomuumiza: afunge chumvi. Makayabu, wale samaki wa chumvi, yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, au yaondoke mezani kabisa. Chumvi ya siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya chakula, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai. Hiyo ni mfungo mgumu kwa mtu aliyezoea sombe, majani ya muhogo, iliyokolea chumvi, na Mungu anauona. Ila maji anywe, na vidonge vimezwe kwa saa atakazopanga daktari. Waislamu wa mtaani kwenu wenye tansio wanapanga hivyo hivyo mwezi wa Ramadhani, na Kurani yenyewe inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Na tafadhali, usimtoe mama kwenye chumba cha maombi. Umeandika mwenyewe kwamba pale alipata usingizi baada ya vita. Mtu asiyelala kwa hofu, kisha akalala kwa sababu kuna watu wameimba pamoja naye, amepata tiba ambayo famasi zetu hazina. Ukimkata pale utamrudishia hofu, na vidonge vile hutavirudisha.

Mtumishi mwende kumwona na yaya, kwa adabu, mkiwa mmepima na namba mnayo. Mwombeni sentensi moja tu, aseme mbele ya waumini: anayesali na ameze dawa yake. Akikubali, mmeokoa wengi zaidi ya mama. Akikataa, msibishane naye, geukieni kina mama wa pale. Kati yao, nakuhakikishia, yuko anayemeza vidonge vya tansio kimyakimya kila asubuhi. Mtafute huyo. Neno lake kwa mama, wakitoka mkeshani wameshikana mikono, litafanya kazi kuliko barua hii.

Huko Enugu, Nigeria, watafiti walitumia makanisa 40 kuwafikia wanawake wajawazito: nusu ya makanisa, baada ya ibada ya kuwaombea, yaliwafanyia sherehe ya mtoto na kuwapima palepale. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Katika makanisa hayo wanawake 92 kwa kila 100 walipimwa virusi vya ukimwi, kwingine 55. Wachungaji wapo kote na nyimbo zipo kote, kilichoongezeka ni meza ya vipimo. Kina mama wa chumba cha maombi wanaweza kuchanga wakanunua mashine moja ya tansio, ile ya kufunga mkono juu ya kiwiko. Muuguzi mstaafu hakosekani kwenye kusanyiko lolote la Bukavu. Ijumaa kabla ya mkesha kuanza, kila mmoja akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza, apimwe, namba iandikwe kwenye daftari. Aliyepita 140 kwa 90, lakini hajafika zile 180 au 120 nilizotaja mwanzo, apimwe tena Ijumaa inayofuata, na ikirudia hivyo apelekwe kituo cha afya, asindikizwe na mwenzake. Mama yako aombwe awe ndiye wa kulitunza hilo daftari.